Ushoroba wa mbega uliofyekwa Diani: tuanze na miche au na visiki?

Kivuli_cha_Mkwaju:

Wanajamvi, salamu kwenu. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii kwa mikono.

Kuna ukanda wa msitu hapa Diani, pwani ya kusini ya Kenya, upande wa bara wa barabara ya ufuoni, unaounganisha vipande viwili vya msitu wa mawe, yaani msitu unaoota juu ya mawe ya matumbawe. Urefu wake mita 400, upana mita 15. Ulikuwa ushoroba, yaani njia ya mbega, kima, tumbili na komba, na chini yake paa na sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) walipita. Umesukumwa kwa tingatinga mwanzo hadi mwisho. Udongo wa juu umelundikwa tuta upande wa magharibi, katikati mawe ya matumbawe yanaonekana, na miarobaini midogo imeanza kujaa pamoja na lantana. Upande wa mashariki nyaya za umeme zinafuata ukanda wote, na mwisho wa kusini unakatwa na lami.

Wenye ardhi wamekubali kwa maandishi turudishe msitu. Tupo watu 12, Jumamosi kwa Jumamosi, na fedha zinatosha miche 2,000 hivi. Masika iko miezi mitatu mbele. Maswali:

1. Miti gani, na kwa uwiano gani?
2. Mashimo ya kina gani? Mtaimbo unagonga jiwe kabla ya sentimita 20.
3. Wapo wanaosema tupande mvinje kwanza kama walivyofanya kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa. Ni sawa?
4. Mwarobaini tuufanye nini?
5. Mbega watavukaje lami na kuepuka nyaya kabla miti haijakua?

---

Sururu_na_Mtaimbo:

Ndugu Kivuli, fedha za miche ziache kwanza. Ukanda uliofyekwa haujawa mtupu. Tingatinga hukata mashina na kukwangua udongo, lakini mizizi iliyojipenyeza kwenye nyufa za mawe haiing'oi yote, na miti mingi ya msitu wa mawe huchipua tena kisikini. Kule Dodoma kazi ya kulea machipukizi ya namna hii wanaiita kisiki hai, na jina hilo limejieleza. Chipukizi la kisiki lina mizizi ya miaka mingi chini yake. Mche wako una mizizi ya kujaa kiriba tu, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea. Kiangazi cha Januari hadi Machi kikifika, utaona tofauti yake bila kuambiwa.

Kwa hiyo Jumamosi mbili za kwanza ni za kuhesabu. Pitieni ukanda kwa mistari mitano, kila mmoja mita tatu kutoka mwenzake. Kila kisiki kilicho hai kipigiwe kijiti kilichopakwa chokaa juu. Ambacho hakijachipua, kwangua gome karibu na ardhi kwa ukucha au msumari: likiwa bichi na la kijani ndani, kihesabuni. Mwarobaini, lusina na lantana havipati kijiti, hiyo ni mimea vamizi.

Machipukizi yaacheni yote mpaka yafike kama mita moja. Hapo chagueni mawili au matatu kwa kila kisiki, yenye nguvu na yaliyotokea chini kabisa karibu na udongo, kisha mengine yakateni kwa panga kali, mkato wa mshazari ili maji yasitue. Lililoota juu ya kisiki kirefu linapendeza, lakini limeshikwa na gome tu, na upepo wa kusi utalipasua likishakuwa zito. Matawi ya pembeni ondoeni theluthi ya chini tu, msizidishe.

Sasa hesabu. Ukanda wenu ni mita za mraba 6,000. Mkipanda mche kila mita mbili kwa mbili, ni miche 1,500. Tuseme mmepata visiki hai 120, na kila kimoja kinafunika duara la nusu kipenyo cha mita mbili, yaani mita za mraba 12.5. Hizo ni 1,500, robo ya ukanda. Zinabaki 4,500, na miche 1,125. Ongezeni robo ya akiba ya kuziba mapengo, mnafika 1,400. Kuna miche 600 kwenye bajeti yenu ambayo fedha zake zinafaa zaidi kulipia palizi ya mwaka wa pili na wa tatu. Miradi mingi ya hapa Pwani haifi siku ya kupanda. Hufa pale ambapo hakuna aliyetengewa posho ya kurudi na jembe.

Tuta la udongo ni mali, usikubali mtu alibebe kwa lori. Ndilo udongo wa msitu wenyewe, lina mbegu na lina viumbe wadogo. Lakini msilirudishe kwa upofu. Chukueni beseni 20 za udongo kutoka sehemu tofauti za tuta na za kina tofauti, ziwekeni kivulini, mwagilieni wiki nne, halafu tazameni kinachoota. Beseni zikijaa lusina au lantana, sehemu ile ya tuta iacheni mahali pake na mng'oe kila kinachoota kwa msimu mzima. Zikitoa miche ya msitu na nyasi za kawaida, tandazeni unene wa sentimita 5 hadi 10, mkianza na mahali palipobaki jiwe tupu. Udongo mwekundu wa kununua toka mbali msilete: huja na magugu ambayo hamjayaona bado.

Mahali magurudumu yalipopita pamegandamana. Huko piga mtaimbo na kutikisa, kila nusu mita. Kwingineko acheni ardhi ilale.

Na mashimo: usipigane na jiwe. Kanuni ya shimo la sentimita 60 kwa 60 imetungwa kwa shamba lenye udongo. Kwenye mawe ya matumbawe mzizi wa mti hautaki shimo, unataka ufa. Pitisheni mtaimbo kutafuta mifuko ya udongo kati ya mawe. Mahali unapozama sentimita 25 hadi 30, pandeni, hata kama mstari unapinda na mche mmoja uko mita moja kutoka kwa mwenzake na mwingine mita tatu. Msitu haupangwi kwa kamba. Shimo lililochongwa katika jiwe zima hugeuka bakuli: masika linajaa maji mzizi unaoza, kaskazi linakauka kama kikaango.

---

Bi_Kitalu:

Ameeleza vizuri hapo juu, mimi naongezea upande wa miche na mbegu.

Uwiano ninaoupenda kwa ukanda mwembamba ni huu: kwa miche 1,125, kama 650 iwe ya miti inayokimbia kukua na kufunga kivuli, 350 ya miti ya katikati, na iliyobaki 125 ya miti mikubwa ya kudumu. Ukanda wa mita 15 ni pembezoni kila mahali, jua na upepo vinaingia pande zote mbili, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufunga kuta. Mita mbili za kila upande ziwe vichaka vilivyobanana, mkipunguza katikati kufidia. Huko ndiko sange na paa hujificha. Msitu uliosafishwa chini ukabaki miti mirefu peke yake una faida kwa mbega, ila wanaopita ardhini utakuwa umewafungia mlango.

Wa kukimbia: mkone na jamii yake, na mikuyu. Wa katikati: mgurure, mjafari, mnwamaji, mkunguma, mfudu, mkwaju. Wa kudumu: mbambakofi, mbuyu, mvule kidogo sana. Msinukuu orodha yangu kama msahafu. Ingieni vile vipande viwili vya msitu vinavyounganishwa na ushoroba, andikeni miti 20 mnayoiona mara nyingi zaidi, na hiyo ndiyo orodha yenu. Mti unaostawi kwenye udongo wa vilima vya Shimba Hills unaweza kukataa kabisa juu ya mawe yenu.

Kuhusu mbegu, makosa yanayojirudia ni haya.

Mnwamaji hauweki akiba. Mbegu ikikauka imekufa. Okota ikiwa bado na nyama nyekundu, isafishe, ipande ndani ya siku chache. Anayekuuzia mbegu ya mnwamaji iliyokaa gunia miezi miwili anakuuzia maganda.

Mbambakofi ni kinyume chake, mbegu yake nyeusi hudumu. Ondoa kile kifuniko chekundu, izike sentimita mbili, ulaze. Adui ni panya: anafuata mstari mzima wa viriba kwa usiku mmoja. Funika kitanda kwa wavu wa kuku mpaka majani mawili ya kwanza yatoke.

Mbuyu na mkwaju zina ganda gumu. Mwaga maji yaliyochemka juu ya mbegu, ziache zipoe humo na zilale usiku mzima. Za mbuyu zitaota kwa vipindi, nyingine wiki ya pili, nyingine baada ya miezi, basi usimwage kitanda mapema. Mjafari nao ni mvivu wa kuota, panda mara tatu ya unayohitaji.

Mikuyu msihangaike na mbegu. Kata tawi unene wa kifundo cha mkono, urefu mita moja na nusu hadi mbili, mwanzo wa mvua, ulilaze kivulini siku mbili tatu utomvu ukauke, kisha lizike theluthi moja. Tawi refu lina faida nyingine: ndege na popo hutua juu yake na kuangusha mbegu za miti mingine chini. Weka moja kila mita 20 na utapata miche ambayo hukuinunua. Mahali ambapo tawi la mkuyu halishiki, simika nguzo kavu yenye matawi, hondohondo na ndege wengine watafanya kazi ile ile.

Mvule usiupande kwa wingi mahali pamoja. Kuna mdudu mdogo anayefanya majani machanga yavimbe vinundu na ncha ikaoza, na akikuta mivule imepangwa pamoja huimaliza yote. Miche 10 katika ukanda wote, kila mmoja chini ya kivuli cha mti mwingine, mwaka wa pili.

Mchanganyiko wa viriba: udongo wa msitu sehemu tatu, mchanga sehemu moja, samadi iliyooza sehemu moja. Viriba viinuliwe kila mwezi mizizi isitoboe kwenda chini. Wiki nne kabla ya kupanda ondoa kivuli polepole na punguza maji mpaka umwagilie mara mbili kwa wiki. Mche uliolelewa kwa starehe hupigwa na jua la Diani siku moja na ukanyauka. Siku ya kupanda chana kiriba chote na ukitoe, na mzizi uliojizungusha chini ukate kwa wembe. Inashangaza ni miche mingapi hukutwa imekufa mwaka mmoja baadaye ikiwa bado ndani ya plastiki.

Miezi mitatu haitoshi kuotesha yote kwa masika hii. Pandeni mwaka huu miche ya kukimbia mtakayoipata kwa vitalu vya karibu, 500 hivi, yenye kimo cha sentimita 30 hadi 50, na mikuyu ya matawi. Iliyobaki otesheni taratibu kwa masika ijayo. Vuli ya upande huu wa Kusini haiaminiki, msiiwekee miche mingi. Na mbegu mkitaka kuokota kwenye kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, iwe Kaya Diani au Kaya Kinondo, nendeni kwanza kwa wazee wa kaya mwombe ruhusa na mfuate masharti yao, na mwasiliane na Makumbusho ya Taifa. Msitu ule umebaki kwa sababu ya masharti hayo.

---

Kivuli_cha_Mkwaju:

Asanteni sana, mmetuokoa kununua miche 2,000 kwa pupa. Nimebaki na mambo mawili.

Kwanza, jirani ana miarobaini minne mikubwa kando ya ukanda na hataki hata kusikia habari ya kukatwa. Anasema ni dawa ya maradhi arobaini, na hatuwezi kubishana na hilo.

Pili, tayari tuna miche 80 kwenye viriba. Majani mapya yanatoka ya njano lakini mishipa inabaki kijani. Tunamwagilia maji ya kisima cha karibu na ufuo, na tumekuwa tukiweka jivu la jikoni kama mbolea.

---

Bi_Kitalu:

Jivu liache leo. Udongo wa matumbawe una chokaa ya kutosha peke yake, na jivu linazidisha. Udongo ukiwa na chokaa nyingi, madini ya chuma yaliyomo hayayeyuki na mche hauwezi kuyafyonza, ndiyo maana jani jipya linakuwa njano huku mishipa ikibaki kijani. Tia samadi iliyooza vizuri au mboji ya majani juu ya kiriba, unene wa vidole viwili, na uhamie maji ya mvua au ya bomba. Majani yatakayotoka baadaye ndiyo yatakayokuonyesha nafuu, yale ya njano hayarudi.

Kisima cha karibu na ufuo kina chumvi. Dalili yake ni tofauti: ncha na kingo za majani ya zamani huungua rangi ya kahawia. Ukiona zote mbili, ni jivu na kisima kwa pamoja.

Miarobaini ya jirani iacheni. Omba kitu kimoja tu, afagie matunda yanayoanguka chini ya miti kabla hayajabebwa, na awaruhusu mng'oe miche inayoota upande wenu. Ndege na popo watabeba mengine, hilo halizuiliki. Habari njema ni kwamba mbegu ya mwarobaini haidumu ardhini kama ya lusina, baada ya miezi michache imekufa. Kwa hiyo ndani ya ukanda, mkimaliza miti mama na mkang'oa miche kwa misimu miwili mfululizo, mmeshinda sehemu kubwa.

---

Sururu_na_Mtaimbo:

Niseme kuhusu kuung'oa, maana wengi wanakosea hapa.

Mche wa mwarobaini chini ya mita moja ung'oe kwa mkono siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, udongo ukiwa laini, mzizi wote utoke. Ukikatika shingoni utachipua. Mti mkubwa ukikatwa tu hurudi na machipukizi kumi. Hivyo ama uvue gome, ama ukate na ushughulikie kisiki.

Kuvua gome: mkanda wa sentimita 30 kuzunguka shina lote kwa kimo cha goti, mpaka kwenye mti mweupe, na ukwangue ule utelezi wote kwa mgongo wa panga. Ukiacha uzi mmoja wa gome mti utapona. Machipukizi yatatokea chini ya mkanda, yavunjeni kwa mkono kila wiki tatu, kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Mti unakauka umesimama, unaendelea kutoa kivuli hafifu na ndege wanautumia. Usifanye hivi kando ya njia ya watu wala chini ya nyaya, matawi makavu yataanguka.

Dawa ya kuua magugu ipo, ya kupaka kwa brashi kwenye ukingo wa kisiki dakika chache baada ya kukata. Kwa ukanda wenu siipendi. Mawe ya matumbawe yana matundu kama sifongo, kinachomwagika juu kinafika kisimani haraka. Mkilazimika, brashi tu, kamwe si bomba la kupulizia, na kamwe si siku ya mvua.

Lantana: usichome moto, usikate juu tu. Chimba kwa sururu mpaka kwenye kifundo cha mzizi, ng'oa, geuza mizizi juu ikauke kwenye mawe. Na msifyeke lantana yote ya ukanda kwa siku moja. Fyekeni vipande vya mita 20, pandeni, halafu sogeeni. Kufungua mita 400 kwa mpigo ni kukaribisha lusina, na mbegu ya lusina hukaa ardhini miaka mingi.

---

Jongoo_Mwekundu:

Swali la mvinje halijajibiwa, nami nina maoni yanayotofautiana kidogo na wengi.

Bamburi ilianza mwaka 1971 ndani ya machimbo ya saruji, sakafu ya jiwe tupu bila udongo hata wa kujaza kiganja. René Haller, mtaalamu aliyeongoza kazi ile, alijaribu aina 26 za miti, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili, kwa sababu mizizi yake ina vijidudu vinavyojipatia naitrojeni kutoka hewani. Lakini mvinje peke yake haukutosha. Majani yake yakawa zulia gumu lisilooza, mpaka jongoo wekundu walipoletwa wakayala na kuyageuza udongo. Watu huukumbuka mvinje na kuwasahau jongoo.

Ninyi hamko machimboni. Mna tuta la udongo, mna visiki, mna msitu ncha zote mbili. Mvinje kila mahali utawapa mti mrefu kando ya nyaya na zulia linalozuia miche ya asili kuota. Mahali penye jiwe tupu ambapo hata baada ya kutandaza udongo mtaimbo hauzami, pandeni mivinje isiyozidi 20 kwa jumla, upande wa mbali na umeme. Faida yake ni kwamba mvinje mkubwa ukikatwa chini hauchipui kwa urahisi, basi baada ya miaka mitano au sita, miti ya asili ikiwa imeshika chini yake, mnauondoa bila vita.

Cha kuiga Bamburi ni jongoo. Ombeni ruhusa mchukue vikapu 10 vya majani yanayooza, pamoja na jongoo na mchwa wake, kutoka sakafu ya msitu wa jirani, na mvimwage kikapu hapa kikapu pale chini ya matandazo. Matandazo yawe sentimita 10, yakiwa mbali na shina kwa upana wa kiganja. Yakigusa shina mchwa watapanda na kutafuna gome. Na magogo yaliyoangushwa na tingatinga msiyauze wala kuyachoma makaa, yalazeni kukingama mteremko, yatashika majani na unyevu.

---

Ngazi_ya_Mbega:

Nyaya na lami ni jambo la kuanza nalo sasa, kabla ya mche wa kwanza. Mbega, au kuluzu kama wanavyoitwa huku Kusini, hapendi kushuka chini, na njia yake ya juu ikikatwa atatumia waya. Akigusa waya mbili kwa pamoja, au waya na chuma cha nguzo, amekwisha. Kwa hiyo mkirudisha miti vibaya mtakuwa mmewajengea ngazi ya kupandia umeme.

Gaweni upana wa mita 15 hivi. Mita tano zilizo jirani na nyaya ni za vichaka tu, visivyozidi mita tatu. Mita tano za kati ni miti ya wastani. Mita tano za magharibi, kwenye tuta, ndipo pa mibambakofi, mikwaju na mibuyu, na ndipo njia ya juu itakapopita. Mikuyu ya matawi niliyoisoma hapo juu iwe huko tu, kwa kuwa mkuyu hutanua matawi haraka kuliko mnavyodhani. Visiki hai vilivyo chini ya nyaya ving'olewe au vikatwe kila mwaka viwe vichaka, msivionee huruma. Uliza kampuni ya umeme kwa barua upana wa njia yao, na uombe nyaya za kipande kile zifunikwe kwa mpira. Kukata matawi kufanywe na mafundi wao, si kijana mwenye panga na ngazi ya mbao.

Kwa lami, Diani ina uzoefu wa muda mrefu. Kituo cha uhifadhi wa mbega kilichoanzishwa hapa mwaka 1997 kimetundika ngazi za angani juu ya barabara ya ufuoni, nendeni muone zilivyofungwa na muwaombe wawasimamie. Umbo ni la ngazi iliyolala: nyaya mbili za chuma kisichoshika kutu, na vipande vya bomba la mpira au plastiki kama vidato, kila sentimita 30 hivi. Pafaapo ni pale wanyama walipozoea kuvuka, si pale panapowarahisishia ninyi kufunga. Ulizeni waendesha boda na walinzi wa mageti wapi wanaona kima na mbega wakivuka au wakigongwa, andikeni kwa mwezi mmoja, kisha mchague. Iwe juu kuliko lori refu kabisa, mbali na waya wowote, na mamlaka ya barabara itoe kibali. Ikifungwa kwenye mti ulio hai, wekeni mpira kati ya waya na gome na mlegeze kila mwaka, la sivyo waya utaunyonga mti. Ikaguliwe kila miezi mitatu. Kamba za nailoni msitumie, jua linazila.

Kima huenda wakaanza kupita mapema. Mbega wanaweza kuchukua muda mrefu zaidi, msikate tamaa mkaihamisha.

Jambo la mwisho kwangu: msipande miembe, mipera wala ndizi ndani ya ukanda. Nyani watakuja, watang'oa miche mkiangalia, watazoea magari na nyumba, na majirani watageuka kuwa adui wa ushoroba.

---

Sururu_na_Mtaimbo:

Nakubali ugawaji wa tano, tano, tano. Ukipanga hivyo, rudia hesabu ya miche kwa vipande vitatu, kwa kuwa vichaka vya upande wa umeme vinahitaji kubanana zaidi wakati tuta linatosha mita tatu kwa tatu: mita za mraba 2,000 za tuta zinataka miche kama 220 tu.

Kuhusu maji. Lita tano kwa mche, kwa ile hesabu ya mwanzo ya miche 1,125, ni lita 5,600 hivi kila mzunguko mmoja. Watu 12 hawawezi kubeba hayo kila wiki. Ndiyo sababu pandeni mvua ikishalowesha udongo vizuri, mkono ukizama ukitoka na unyevu, siyo siku ya mvua ya kwanza. Mwagilieni Januari hadi Machi ya mwaka wa kwanza peke yake, kila wiki mbili, na mchague miche ya kudumu tu. Hiyo ya kukimbia itakayokufa mtaipanda tena.

Palizi: duara la mita moja kuzunguka kila mche, mara tatu mwaka wa kwanza (Juni, Septemba, Desemba), mara mbili mwaka wa pili, mara moja wa tatu. Palizi ya Juni ndiyo mnayotakiwa kuilipia hata kama fedha zimeisha, maana magugu ya masika hufunika mche wa sentimita 40 kwa wiki tano. Kijiti chenye chokaa kando ya kila mche kitaokoa mingi isikatwe na panga la mpalizi mwenyewe. Na mlangamia, ule mmea unaonyonya mingine, ukiona nyuzi zake za njano juu ya kichaka, kata kichaka kile pale pale uziondoe zote, usingoje mwezi ujao.

Kupima: chagueni viwanja vitano vya mita 10 kwa 5, vigingi vya kudumu kwenye pembe, mhesabu kila Machi miche iliyo hai, machipukizi ya visiki, na miche iliyojiotea yenyewe ambayo hamkuipanda. Miche ikisalia hai chini ya saba kwa kumi mwaka wa kwanza, tafuteni sababu kabla ya kununua mingine: mbuzi, chumvi, mzizi uliojizungusha, au kiriba kilichoachwa. Fukua mitatu iliyokufa uangalie mizizi yake.

Anzeni na vijiti vya chokaa Jumamosi hii, halafu leta hapa idadi ya visiki tupange upya hesabu ya viriba.